Pindo

Nyumba hii aliijenga babu Heikki
kwenye mteremko wa Duluth, juu ya mwamba mtupu,
kwa mshahara wa gati la madini
na hasira ya mtu aliyefukuzwa nyumba ya kupanga.
Haina pembe mraba hata moja.
Nimepima mara tatu. Mara ya tatu
kaka yangu Toivo, kakaa ukingoni mwa bafu, kalamu sikioni,
akasema: "Ukuta wa mlango umekimbia inchi moja na robo.
Umekimbilia wapi, usiniulize."

Vijiwe vimekuja vimegandishwa kwenye wavu,
ukanda kwa ukanda, kama stempu:
viwili vya buluu, kimoja cheupe, viwili vya buluu.
Pindo la kuzunguka mji mweupe.
Boksi linashauri: anza pembeni, malizia katikati,
maana pembe hutazamwa;
katikati mtu hupita tu.

Nikapiga uzi wa chaki. Mstari mwekundu
ukanyooka kama mwongo mbele ya hakimu.
Nikakoroga gundi ya saruji
mpaka mwiko ukasimama peke yake.
Nikapiga magoti.
Miaka sitini na sita ninayo,
ishirini na tisa nimeendesha basi la shule kwenye barafu,
na hakuna aliyeniambia
kwamba goti huweka kumbukumbu kuliko kichwa.

Taabu ni choo.
Tuliking'oa Jumatatu, kipo barazani,
kimevaa kofia ya theluji.
Haja haina likizo. Basi tunavuka ua
kwenda kwa Bi Lindqvist,
naye haonyeshi mlango wa choo kabla ya birika.
Kikombe cha kwanza heshima,
cha pili habari za watu,
cha tatu ndicho kinachotuvusha ua tena
baada ya saa moja.
"Mnamaliza lini?" anauliza,
kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe baya.

Jumatano nilifika mlangoni.
Hapo tuliacha kipande cha sakafu ya plastiki
ili tupate pa kukanyaga.
Kiling'ang'ania kama kupe. Nikakichokonoa kwa patasi,
kikatoka na nusu karne ya uchafu,
na chini yake
vijiwe vya babu. Vyeusi, vyeupe, vyeusi.

Kizima. Kizima. Robo tatu.
Nusu.
Kisha vyembamba, vyembamba zaidi,
hadi kile cha mwisho, kama ukucha uliokatwa,
pale pale ambapo mlango ukifunguliwa
huziba.

Huyu ndiye aliyepima kwa rula
mstari wa nywele zetu kabla ya kanisa.
Huyu ndiye aliyemchapa Toivo
kwa kosa la kigingi kimoja cha ua kilichoinama.
Inchi moja na robo.
Aliijua. Akaigawa vipande vidogo vidogo,
akaila polepole, ukuta mzima,
asimwambie mtu.

Toivo alicheka mpaka akakohoa.
Kisha akanyamaza, akapitisha kidole
juu ya kile kijiwe cha ukucha,
mara moja kwenda, mara moja kurudi.
Akateremka kutoka bafuni, magoti yakalia.
"Nipe koleo," alisema.

Yeye akikata, mimi nikipachika.
Robo tatu. Nusu. Buluu iliyopungua
kama mshumaa.
Hatukuvibandua vya babu; tulipaka gundi juu yake.
Kizingiti kimeinuka kidogo. Nitajikwaa. Sijali.

Jumamosi Bi Lindqvist alikuja kukagua,
soksi za sufi, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.
Alizunguka, aliinama, alifumba jicho moja.
"Imenyooka," alisema. "Kila upande."
Toivo alikuwa ameufungua mlango mpaka mwisho,
kaubana kwa kisigino,
anatazama dari.